Stefano Kaoze na Mwalimu Wake

Tarehe 21 Julai 1917, siku ambayo Ubelgiji huadhimisha sikukuu yake ya taifa, Askofu Victor Roelens alimwekea mikono kijana wa Kitabwa aitwaye Stefano Kaoze. Ilikuwa huko Baudouinville, mji ambao leo tunauita Moba, kusini mwa ziwa letu. Tangu siku hiyo Kaoze akawa padri mwenyeji wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Wengi humwita padri Mkongomani wa kwanza, na hapo inafaa kusahihisha kidogo, kwa maana ufalme wa Kongo kule magharibi ulikuwa na mapadri wake karne nne kabla yake, na Henrique, mwana wa mfalme Afonso, alifanywa askofu mwaka 1518. Lakini mlango huo ulikuwa umekwisha kufungwa. Kwa watu wa upande wetu wa mashariki, na kwa Wabelgiji wenyewe, padri mweusi alikuwa jambo jipya kabisa.

Maandishi mengi yanayomtaja Kaoze husimama kwenye neno hilo "wa kwanza", yakashangilia na kwenda zake. Mimi nimemtafuta kwa sababu nyingine. Katika kitivo chetu cha lugha wengi wetu tutaishia kushika chaki, iwe Uvira mjini au huku Nyakabere, na sikuona katika historia ya ziwa hili mtu anayeonyesha kwa uwazi zaidi kile ambacho mwalimu anaweza kumfanyia mwanafunzi. Alikuwa na mwalimu mmoja mkubwa, na mwalimu huyo hakumwacha mpaka uzeeni.

Tuanze na nchi aliyozaliwa. Kaoze alizaliwa yapata mwaka 1886 katika milima ya Marungu. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1883, ofisa wa Kibelgiji Émile Storms alikuwa amejenga ngome yake Mpala, ufukoni mwa ziwa, kwa niaba ya shirika la Mfalme Leopold. Storms aligombana na mtemi Lusinga, ambaye naye aliishi kwa kukamata watu na kuwauza. Desemba 1884 watu wa Storms walimuua Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka uliofuata Storms aliitwa arudi kwao, na ngome ya Mpala wakakabidhiwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Lavigerie alikuwa na ndoto ya ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Mwaka 1887 akaja Léopold Joubert, askari aliyewahi kumpigania Papa, akawa kapteni wa ufalme huo usio na mfalme. Kwa hiyo mtoto Kaoze alifungua macho katika nchi ambamo misioni ilikuwa kanisa, na pia boma, mahakama, ghala la chakula na kimbilio la waliokimbia utumwa. Shule ilikuwa ndani ya ukuta huohuo. Mzazi aliyempeleka mtoto kusoma alikuwa anachagua pia upande wa kujikinga.

Msomaji wa Uvira asidhani kwamba habari hizi ni za kusini tu. Mapadri Weupe waliufikia kwanza upande wetu wa kaskazini. Walikuwa Masanze mwaka 1880 na Kibanga, karibu na Ubwari, mwaka 1883, kabla ya kuhamishia nguvu zao Marungu. Baudouinville ilianzishwa mwaka 1893. Kama wangebaki huku, pengine Kaoze wetu angekuwa Mvira, Mfuliru au Mbembe.

Jambo jingine linalotugusa sisi wa lugha ni lugha ya shule ile. Mtoto wa Marungu alizungumza Kitabwa nyumbani. Mapadri hawakumfundisha kwa Kitabwa wala, mwanzoni, kwa Kifaransa. Waliichukua lugha waliyoikuta barabarani, Kiswahili, kilicholetwa na misafara kutoka Ujiji na pwani, ile misafara iliyobeba pembe na kufunga watu minyororo. Pande za kaskazini mwa ziwa wakati huo zilikuwa chini ya mkono wa Rumaliza na watu wake. Wamisionari waliwapiga vita wenye misafara hiyo, lakini lugha yao wakaichukua, wakaiandika kwa herufi za Kilatini na kuitia katika katekisimu. Mama anayeandika leo barua ya Kiswahili katika kijiji cha mlimani, ambako hakuna Mswahili aliyewahi kukaa, yuko ndani ya historia hiyo. Kaoze alikuwa miongoni mwa watoto wa mwanzo kufundishwa namna hiyo. Kwake Kiswahili kilikuwa hatua ya kwanza ya kutoka nyumbani. Ya pili ilikuwa Kilatini, na ya tatu Kifaransa.

Sasa tufike kwa mwalimu. Victor Roelens alizaliwa mwaka 1858 huko Ardooie, katika Flandria. Alifika ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1890, akakabidhiwa uongozi wa vikariati ya Kongo ya Juu mwaka 1895, na mwaka uliofuata akawekwa wakfu kuwa askofu. Alikuwa mtu wa amri. Alitawala misioni zake kama baba mkali anavyotawala nyumba, na kila jambo, kuanzia mashamba ya ngano mpaka ndoa za Wakristo, lilipitia mkononi mwake. Ibada za wahenga alizikataza. Mtu anayemsoma leo hukutana mara kwa mara na sauti ya mzee anayeamini kuwa Mwafrika ni mtoto na atabaki mtoto kwa muda mrefu sana.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyefungua seminari ndogo Mpala mwishoni mwa karne ya 19, wakati wamisionari wengi wa Kongo walidhani kwamba kumfanya mtu mweusi kuwa padri ni upuuzi. Walisema hataweza Kilatini, hataweza kuishi bila mke, na hata akiweza siku moja, kesho yake atarudi kijijini. Roelens hakukubali. Hapa sharti tumpe haki yake, hata kama tabia zake nyingine hazipendezi: alibisha na watu wa rangi yake kuhusu akili za watu wa rangi yetu, tena alibisha kwa miaka mingi huku matunda hayaonekani.

Kwa hiyo Kaoze hakuingia darasani kama mwanafunzi tu. Aliingia kama ushahidi. Kila somo alilofaulu lilikuwa hoja ya askofu dhidi ya wapinzani wake, na laiti angeshindwa, asingeshindwa peke yake. Alipitia seminari ndogo, kisha seminari kubwa ya Baudouinville, na masomo yalimchukua zaidi ya miaka 15. Falsafa, teolojia, Kilatini, sala na kazi za mikono, halafu tena majaribio ya kuona kama kweli ameitwa. Wengi walioanza safari hiyo waliachia njiani. Katika misioni za Mapadri Weupe kule Uganda, mapadri wawili wenyeji walikuwa wamekwisha kupatikana mwaka 1913, na huko Rwanda wawili walifuata Oktoba 1917, miezi michache baada ya Kaoze. Wale walipanda altare wawiliwawili. Kaoze alipanda peke yake, na macho yote yakawa juu yake.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu mmoja alinichagua niwe nasimama mbele ya wageni na kusoma Kifaransa. Nilisoma vizuri, nikapigiwa makofi. Tangu hapo, kwa miaka miwili, sikuuliza swali hata moja darasani, kwa kuwa mtoto wa mfano hapaswi kuonekana hajui. Jambo dogo, na mwalimu yule hakuwa na nia mbaya. Lakini nalikumbuka kila ninaposoma habari za Kaoze, kwa kuwa yeye alikaa kwenye ile nafasi ya mfano maisha yake yote.

Hata hivyo alipata dakika yake ya kusema. Mwaka 1910 na 1911, akiwa bado mseminari wa umri wa miaka kama 24, maandishi yake kwa Kifaransa yalitokea katika jarida la Ubelgiji liitwalo La Revue Congolaise. Yaliitwa La psychologie des Bantu, yaani elimu ya nafsi ya Wabantu. Ndiyo maandishi ya kwanza ya namna hiyo kuchapishwa kwa Kifaransa na mtu wa Kongo. Aliyeyatambulisha kwa wasomaji ni Mjesuiti Arthur Vermeersch, profesa wa Leuven, ambaye mwaka 1906 alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha kukosoa utawala wa Leopold huku kwetu. Bila mtu kama huyo kubisha hodi kwa niaba yake, mseminari wa Marungu angebaki na daftari lake chini ya mto wa kulalia.

Mtu akiyasoma maandishi yale haraka anaweza kuvunjika moyo. Mpangilio ni wa somo la falsafa ya seminari: hisia, akili, utashi, maadili. Ni mizani ya Toma wa Akwino iliyotiwa mikononi mwa kijana na mapadri wa Ulaya, naye anawapima watu wake kwa mizani hiyo. Pengine anawazungumzia Wabantu kana kwamba anasimama hatua chache mbali nao. Mwalimu amekaa ndani ya sentensi.

Lakini tukisoma polepole tunaona kazi nyingine inayofanyika. Wakati huo Wazungu wasomi walikuwa wanajadiliana kama Mwafrika ana fikra za mantiki au la. Mwaka uleule wa 1910, huko Paris, Lucien Lévy-Bruhl alitoa kitabu chake kuhusu namna ya kufikiri ya jamii alizoziita za chini, kitabu kilichoaminiwa na wengi kwa muda mrefu, ingawa yeye hakuwahi kukaa kijijini na watu aliowaandika. Kaoze hakubishana naye. Alichofanya ni kuchukua yale mafungu ya falsafa moja baada ya jingine na kuonyesha kwamba watu wa Marungu wana kitu cha kuweka katika kila fungu. Wanajua tofauti ya kujua na kudhani, wana maneno kwa mambo ya moyoni, wanahukumu wema na ubaya kwa sababu wanazoweza kuzieleza. Aliyetaka kusema kuwa hawana akili alipewa jibu kwa lugha aliyokuwa anaiheshimu mwenyewe. Mwalimu alimpa mizani ili apime watu wake, naye akaitumia kupima madai ya walimu. Sidhani kama alikuwa amekusudia ujanja. Nadhani alikuwa mwanafunzi mwaminifu aliyelichukulia somo kwa uzito kuliko waliomfundisha.

Tusijione sisi tuko mbali naye. Tunapochambua hadithi ya Kifuliru kwa istilahi zilizotungwa Paris na Leningrad, tukigawa "mtendaji" na "msaidizi" na "mpinzani" kama tulivyoamriwa katika kozi, tunafanya kazi ileile. Swali ni kama tunalichukua somo kwa uzito wa Kaoze au tunajaza vyumba tu ili tupate pointi.

Baada ya upadri mambo yanakuwa ya taratibu, na nitayapita upesi. Kaoze alitumika katika jimbo lake miaka 34. Aliheshimiwa, alitajwa, alionyeshwa. Mkataba wa 1906 kati ya Leopold na Vatikano ulikuwa umeweka shule nyingi za nchi mikononi mwa misioni za Kikatoliki, na kwa Mkongomani wa kizazi kile hapakuwa na elimu ya juu nje ya seminari. Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuja kufunguliwa mwaka 1954, miaka 3 baada ya kifo chake. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kwenda mbali na vitabu alipaswa kupita katika mlango ambao Kaoze alikuwa wa kwanza kuupita, na hata waliotoka njiani na kuwa makarani au wanasiasa walikuwa wamepita hapo. Baada yake hakuna aliyeweza tena kusema kuwa haiwezekani. Hilo ni faida ya kazi ya Roelens, na ni kubwa.

Hasara yake ni hii. Roelens aliongoza vikariati ile kuanzia 1895 mpaka 1941. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyekutana naye kama askofu wa shule yake aliendelea kuwa chini yake alipokuwa mseminari, alipokuwa padri kijana, alipokuwa padri wa makamo, na mpaka alipokaribia miaka 55. Mwalimu wa kawaida tunaachana naye. Tunamaliza darasa, tunakutana naye sokoni tukiwa watu wazima, tunamsalimu shikamoo na tunaweza hata kumbishia kidogo kwa heshima. Kaoze hakuwahi kumaliza darasa. Hata Roelens alipostaafu, aliyemrithi alikuwa Mbelgiji mwingine. Kongo ilipata askofu wake mwenyeji wa kwanza wa nyakati hizi, Pierre Kimbondo, mwaka 1956. Yaani kutoka padri wa kwanza mpaka askofu wa kwanza ilipita miaka 39. Nchini Uganda, ambako walimu walikuwa wa shirika lilelile, Joseph Kiwanuka alikuwa askofu tangu 1939. Aliyeamini kwamba mwanafunzi wake anaweza kusoma misa hakuamini, au hakuharakisha kuamini, kwamba anaweza kukalia kiti chake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya koloni ilianza kuwaingiza Waafrika wachache katika Baraza la Serikali kule Léopoldville, na Kaoze akawa mmoja wao. Hapo tena aliitwa kama ushahidi: tazameni, tuna mtu. Roelens alifariki Agosti 1947, akiwa na miaka 89. Kwa mara ya kwanza Kaoze aliishi katika ulimwengu usio na mwalimu wake. Aliishi humo chini ya miaka minne. Alikufa mwaka 1951.

Katika mabaki yake kulikuwa na maandishi kuhusu historia ya Bena-Kilunga, watu wa nchi yake. Safari hii hapakuwa na mafungu ya falsafa wala kuthibitisha kwamba Mwafrika anafikiri. Yanaeleza koo, asili zao, nani alitoka wapi, nani alitawala nani. Wanahistoria wameonyesha kuwa padri naye alikuwa na upande katika mabishano ya utemi kule Marungu, na kwamba historia yake si maji safi yasiyo na tope. Sawa. Ni historia ya mtu mwenye ukoo, anayebishana na wenye koo nyingine kuhusu mambo ya nyumbani. Hayakupigwa chapa akiwa hai.

Wakati huo kitabu kilichokuwa mikononi mwa watu kilikuwa kingine. Mwaka 1945, huko Elisabethville, Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji wa shirika la Mtakatifu Fransisko, alikuwa ametoa La philosophie bantoue. Mwaka 1949 kikachapwa Paris na Présence Africaine, na mabishano juu yake hayajaisha mpaka leo. Kila mwanafunzi wa falsafa katika nchi hii anamjua Tempels. Alifika kwa wasomaji miaka 35 baada ya mseminari wa Baudouinville, katika mkoa uleule wa Katanga, akitangaza kwamba Wabantu wana fikra zao zenye utaratibu. Watu walishangaa kana kwamba habari hiyo haijawahi kusemwa. Mwalimu alisikika pale ambapo mwanafunzi alikuwa amekwisha kusema.

Maandishi ya Kaoze ya ujana, pamoja na barua zake za kati ya 1907 na 1911, yalichapwa tena Kinshasa mwaka 1979 kwa juhudi za A. J. Smet. Safari hii jina la Kaoze ndilo lililotangulia, na la profesa aliyeyakusanya likafuata.